Gobori la Juu ya Mlango

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kushonea viatu, mkabala na karakana ya kuchomelea vyuma, na ubao wake umekaliwa mpaka umeshika maumbo ya wenyewe. Upande wa kivulini ni wa Kamusi, mwalimu wa historia aliyestaafu, ambaye ana methali kwa kila jambo na mara nyingi si ya jambo hilo. Upande wa pili ni wa Cheche, mwenye karakana, anayevuka barabara na glovu kwapani akisema anakuja kunywa kikombe kimoja tu. Katikati hukaa Randa, seremala, mtu wa maneno machache. Mimi huitwa Soli. Sikai benchini, niko kwenye kigoda changu na misumari nimeibana midomoni, kwa hiyo nasikia mengi kuliko ninayosema. Kahawa ni ya Shangazi, na jiko lake la mkaa ndilo linaloamua tumekaa mpaka saa ngapi. Siku hiyo Randa alifika alasiri amekumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa blanketi, anatembea polepole kama mtu anayempeleka mgonjwa kwa daktari.

— Nani huyo? — Cheche akauliza. — Mbona hapumui?

Randa akaketi, akafungua blanketi juu ya mapaja. Lilikuwa gobori, bunduki ya kale ya askari, refu kumshinda Shangazi akisimama, mtutu umeingia kutu ya rangi ya kahawa na kitako kimekatika kona moja.

— La babu, — akasema. — Babu mzaa baba. Makumbusho ya mji wanataka vitu vya wazee wetu kwa ajili ya maonyesho, wanakuja kulichukua keshokutwa. Nitazamieni, ndugu zangu. Hali yake ikoje? Linafaa kusimama mbele za watu, au nitaenda kujiaibisha?

Tulilijua wote. Hakuna aliyewahi kukaribishwa kwa Randa asilione, limelala juu ya misumari miwili, juu ya mlango wa kutoka sebuleni kwenda uani. Lakini kulijua kitu ukutani ni jambo moja, na kukiona mapajani ni jingine. Tukasogea.

— Kwanza mjue mnachokitazama, — Kamusi alianza, akavaa miwani. — Hii si bunduki ya kuingiza risasi kwa nyuma, tap, umemaliza. Hii hulishwa kwa mdomo. Unamimina baruti, unatia kitambaa, unatia risasi, halafu unashindilia kwa huu mdeki, ufito wa chuma, hapa chini. Kisha unavalisha fataki, kikofia kidogo cha baruti, hapa nyuma, nyundo ikiigonga, moto unaingia ndani. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana askari wa zamani walikuwa wepesi sana.

— Methali hiyo na wepesi wapi na wapi? — Cheche akamuuliza.

— Utaielewa ukikua.

— Nina wajukuu, mwalimu!

— Basi waulize wao.

Shangazi akamimina kahawa, akanipa kikombe changu kwanza kwa sababu mimi sibishani. Cheche alikuwa ameshaupapasa mtutu kwa kidole gumba, kama anavyopapasa bomba la mteja.

— Tazameni. Pete za kushikilia mtutu kwenye mti zilikuwa tatu. Ya katikati haipo, wamefunga waya. Unajua kwa nini? Mlipuko. Liliponguruma, pete ikaruka ikaenda zake. Hili si gobori, hili ni mzinga.

— Iliruka ikaenda wapi? — Randa akauliza.

— Nitajuaje? Huenda iko kidoleni mwa mtu mpaka leo.

Kamusi hakukubali kupitwa. Aliinama mpaka pua ikagusa mti.

— Na hiki kishimo je? Hili ni jino. Simba alilirukia, babu akamtia mtutu mdomoni, simba akang'ata mti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Simba alikuwa mvunguni?

— Babu ndiye aliyekuwa mvunguni! Mtu akiona simba atakaa wapi?

Randa alicheka mpaka gobori likatikisika. Cheche akafumba jicho moja, akatazama kwa urefu wa mtutu kuanzia nyuma.

— Halafu limepinda kidogo. Mnaona? Limepinda makusudi. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya adui aliyejificha nyuma ya nyumba. Unasimama huku, risasi inakata kona, inabisha hodi.

— Acha zako, Cheche.

— Mwulize mtu yeyote aliyewahi kuwa jeshini.

— Wewe uliwahi?

— Shemeji yangu alikuwa akipeleka mkate kambini. Hayo mambo anayajua.

Juu ya bamba la chuma, pembeni ya nyundo, palikuwa na muhuri wa kiwanda uliofutika, zikabaki herufi mbili na nusu ya tatu. Kamusi alisema ni jina la mfalme, amelitia saini kwa mkono wake mwenyewe na msumari wa moto. Cheche alisema mfalme mzima hawezi kukosa kazi kiasi hicho. Kamusi akasema ukiona vyaelea vimeundwa. Shangazi akasema yeye haoni kinachoelea hapo, anaona tu kwamba kila mke na kila binti wa nyumba ile amekuwa akilipangusa vumbi mahali palepale miaka yote, na muhuri umekwisha kwa usafi.

Randa aliitikia kwa kichwa. Halafu akatoa mfukoni alichokuja nacho: msasa wa aina mbili na kopo dogo la vanishi.

— Nimefikiri niupige mti msasa, niupake, ung'ae. Lakini kutu ya mtutu ndiyo imenishinda. Msasa hauingii kwenye vishimo.

— Kutu? — Cheche aliinuka palepale. — Hilo ndilo unalohangaikia? Kutu dawa yake moto. Tunalipitishia gesi, chuma kikishika moto kutu inapukutika yenyewe kama maganda ya karanga. Dakika moja. Njoo!

Sasa nawasimulia kama ilivyokuwa. Sote tuliona ni jambo la maana. Kamusi alibeba kikombe chake akafuata. Mimi nilisimama na kiatu cha mtu mkononi. Cheche aliburuta mipira ya gesi mpaka kwenye lango la karakana, akalibana gobori kwenye jiliwa, kibanio chake cha chuma, mtutu ukielekea barabarani, akavaa miwani yake nyeusi. Kibiriti kikawaka, moto ukatoka mwekundu, akauzungusha ukawa mwembamba wa buluu, unavuma.

Shangazi alikuwa bado jikoni kwake. Akapaza sauti, wala si kwa hofu, kama mtu anayeuliza kama chumvi imetiwa.

— Cheche! Hilo bomba lina kitu ndani?

— Kitu gani?

— Mimi nitajuaje? Mwalimu amesema hulishwa kwa mdomo. Nauliza kama limekula.

Moto ukaendelea kuvuma. Cheche akamtazama Kamusi, Kamusi akamtazama Randa.

— Haiwezekani, — Kamusi akasema. — Vita alivyopigana babu yake vilikwisha kabla mimi sijazaliwa. — Akainama achungulie kwenye mdomo wa mtutu, kisha akakumbuka ni mdomo wa nini, akarudi nyuma akamwaga kahawa kwenye shati.

— Zima kwanza, — Shangazi akasema. Alishakuja, kijiko mkononi. — Mimi sufuria nisiyoijua huwa siibandiki motoni. Zima, tubishane baadaye.

Cheche akazima. Nilimwona anafunga vali, kisha anaifunga tena ingawa ilikwishafungwa.

— Tutajuaje? — akauliza. — Hatuwezi kuchungulia.

Randa ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo:

— Tupime.

Alitulazimisha wote tuhamie nyuma ya gobori. Yeye akasimama ubavuni, akachomoa mdeki chini ya mtutu, akaushusha ndani taratibu mpaka ukagota. Akachukua penseli sikioni, akatia alama pale mdeki ulipotokeza mdomoni. Akautoa, akaulaza kwa nje, sambamba na mtutu, alama ikalingana na mdomo. Mtutu ukiwa mtupu, ncha ya mdeki ingefika nyuma kabisa, pale penye tundu la fataki. Haikufika. Palibaki nafasi ya kulaza kiganja cha mtu mzima.

Akapima tena. Kiganja kilekile.

— Limeshindiliwa, — Randa akasema.

Nilitoa misumari midomoni, maana nilihisi nitaimeza.

— Labda ni uchafu, — Cheche akajaribu. — Nyigu hujenga humo.

— Labda.

— Au tambara.

— Labda, kaka.

Randa akaketi chini, kwenye vumbi la vyuma, mgongo ukutani. Uso wake ulikuwa umepauka kama mbao iliyotoka kupigwa randa.

— Siku dada yangu anaposwa, — akasema, — mjomba alilishusha. Akawaelekezea wakwe kwa mzaha, akavuta nyundo, akawaambia mwali hatoki mpaka mcheze. Watu walicheka mpaka machozi. Wajukuu wangu hulipanda, ni farasi wao. Na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilipangusa huku amembeba mtoto mgongoni. Juu ya mlango, ndugu zangu! Tumepita chini yake maisha yote tukiinama kwa heshima.

— Fataki haikuwapo, — Kamusi alimwambia kwa upole, na safari hii bila methali. — Bila fataki nyundo inagonga chuma tu. Ndicho kilichowaokoa.

— Na moto wangu je? — Cheche akauliza. — Moto hauhitaji fataki.

Cheche akavua glovu, akavuka barabara bila kutazama huku wala huku, akaenda kukaa benchini peke yake.

Shangazi ndiye aliyepiga simu kituo cha polisi, maana askari kadhaa wa pale ni wateja wake. Jua lilikuwa bado juu alipofika koplo wa ghala la silaha, binti mrefu aliyefunga mkanda kwa nguvu, na mfuko wa turubai begani.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Mgonjwa yuko wapi?

Tulimpenda palepale. Alimsikiliza Randa mpaka mwisho bila kumkata, akapima kwa mdeki kama alivyopima Randa, akasema kipimo ni sahihi. Halafu akaligeuza gobori mdomo ukaelekea kwenye lundo la mchanga wa kujengea lililokuwa nyuma ya karakana.

— Baruti ya zamani haizeeki, — akatuambia. — Ikiwa kavu, ni ileile ya siku ilipotiwa. Dawa yake ni maji.

Akainua mdomo kidogo, yeye mwenyewe akiwa pembeni, akamimina maji polepole, akadondosha mengine kwenye tundu la fataki, akaziba kwa nta. Akaondoka nalo kwenda kituoni limeviringishwa blanketi lilelile, akasema liachwe linywe, atarudi nalo kesho mchana.

Kesho yake benchi lilijaa mapema. Cheche alikuja wa kwanza, hakusema neno, akatusogezea hata kigoda cha Shangazi. Koplo aliporudi, tulimfuata nyuma ya karakana kama watoto wanaofuata ngoma. Mdeki ulikuwa na hesi, mistari kama ya skrubu, kwenye ncha, na yeye alikuwa na kipande cha chuma kilichosokotwa kama kizibuo cha chupa. Akakifunga, akakishusha, akazungusha, akavuta.

Kwanza likatoka vumbi la udongo na vipande vya nyumba ya nyigu.

— Nilisema! — Cheche alipiga kelele, neno lake la kwanza siku hiyo.

Koplo akashusha tena. Kikatoka kitambaa, kimebanwa kikawa kigumu kama kisigino cha kiatu. Akashusha mara nyingine, akazungusha kwa nguvu, jasho likamtoka. Ikatoka risasi ya duara, nzito, ya kijivu, kubwa kama tunda dogo la zambarau. Nyuma yake ukamiminika uji mweusi, unanuka yai bovu.

Akauchota kwa kijiti, akaupaka mchangani.

— Baruti, — akasema. — Nzima kabisa, mpaka jana.

Randa aliomba aishike ile risasi. Akaigeuzageuza kiganjani, kisha akampa Cheche. Cheche akaishika kwa muda mrefu.

— Randa, ningekuua.

— Tungekufa na wewe, — Randa akamwambia. — Tulikuwa tumesimama wote. Mimi ndiye niliyeleta bunduki bila kuuliza, na hawa walikuja kutazama. Kunywa kahawa, ndugu yangu.

Na kweli Shangazi alikuwa ameshammiminia.

Sasa mtutu ulikuwa mtupu, na Koplo akarudi nao benchini akafanya kile Randa alichotuomba tangu mwanzo. Alishikilia nyundo kwa kidole gumba, akaivuta taratibu. Ikalia mara mbili.

— Mlio wa kwanza ni wa kupumzika, wa pili ni wa kupiga. Sikilizeni, hatua zote mbili zinashika. Mtambo wake ni mzima. — Akaishusha nyundo kwa kidole, hakuiachia igonge. — Ndani ya mtutu kutu imekula karibu na mdomo, chini ni pazuri. Mdeki ni wake wa asili. Muhuri umefutika.

— Kwa usafi, — Shangazi akasema.

— Mara nyingi ndivyo, Mama. Na hapa, nyuma ya mtambo, mti ulipasuka, mtu akauunga.

Randa akasogeza uso. Hatukuwa tumeiona, maana ilijificha chini ya uchafu wa mikono: kipande cha mti wa aina nyingine, kimekatwa kwa umbo la mkia wa njiwa, kimeingia sawasawa, hakuna msumari hata mmoja.

— Huyo ni baba, — akasema. Akapitisha kidole kwenye ungio. — Baba alikata hivi, pembe moja imelala kuliko nyingine. Nilikuwa nikimwambia zilingane, akiniambia mti hautaki zilingane. Hakuwahi kunieleza kwamba alilitengeneza.

— Umeleta msasa, nasikia, — Koplo akamwambia.

Randa akalitazama lile kopo la vanishi lililokuwa bado benchini. Akalichukua, akanikabidhi mimi.

— Soli, paka kwenye visigino.

— Hata pete nitatengeneza, — Cheche akasema, amepata roho kidogo. — Pete ya katikati. Nitaipima, itakaa kama ya kiwandani.

— Iache waya, mzee, — Koplo akamwambia. — Aliyeifunga alikuwa na sababu. Tukiibadilisha, tutakuwa tumeonyesha bunduki yako wewe, si ya babu yake. Lifutwe tu kwa kitambaa na mafuta mepesi, basi. Hali yake ni nzuri. Nimeona za ghalani zenye hali mbaya kuliko hii.

Sijamwona Randa amefurahi vile tangu mjukuu wake wa kwanza. Alinyoosha mgongo. Kamusi akampongeza, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa mara moja katika maisha yake methali ikaangukia mahali pake, akashtuka mwenyewe.

Shangazi akamkaribisha Koplo kahawa. Aliketi kati ya Randa na Cheche, gobori limeegemea ukuta, akanywa huku akituuliza habari za babu. Randa akamweleza. Alichukuliwa vitani akiwa kijana, akarudi nalo. Alikuwa mtu mpole, akikuta siafu wamekatiza njia anawangoja wapite. Hakuna aliyewahi kumsikia akilipiga, si kwa ndege, si kwa sherehe. Alilitundika juu ya mlango wa kwanza aliojenga, na kila nyumba iliyojengwa baadaye likahamia.

Koplo akaweka kikombe chini.

— Lakini Baba, — akasema, — vita vilikwisha, akarudi nyumbani. Safari yote ile asingetembea nalo limeshindiliwa, na kitambaa nilichotoa si cha jeshi, kina pindo la nguo ya kike. Lilishindiliwa nyumbani. Na mtu hashindilii bunduki hivihivi. Babu yako alikuwa anamngoja nani?

Kamusi alifungua mdomo. Tukamgeukia, maana mtu aliyemwona simba kwenye kishimo cha mti hakosi la kusema. Akaufunga. Cheche akatazama vidole vyake. Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone machache, kisha likatoa masimbi ya kahawa.

Randa aliifunika ile risasi gotini kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umetulia.

— Sijui, mwanangu, — akasema mwishowe. — Aliyejua ni yeye, na pengine bibi. Ila risasi yake ninayo hapa; huyo mtu, awe nani, alirudi kwao mzima.